Swichi ya Oili Uliyoagiza Ing'olewe

Kimuli, Karagwe,
14 Novemba 1993.

Mpendwa Kaka Yustus,

Shikamoo. Mama ameniagiza nimtangulize yeye kabla sijaanza maneno yangu, kwa hiyo pokea kwanza salamu zake. Anauliza kama kile kikohozi ulichoondoka nacho msibani kimekwisha, kama wifi yetu amepata nafuu ya miguu, na kama wajukuu wake wa Mwanza bado wanaweza kuamkia kwa Kinyambo au wamekwisha kukitupa. Sisi huku tunaamka na kulala. Mvua zimezidi; maharage ya shamba la chini yamegeuka manjano kabla ya kutoa maua, na yule ndama wa ng'ombe mweupe, aliyezaliwa ukiwa hapa, tumempoteza juzi. Baba Mdogo Anastazi bado anachechemea, na bado anamlaumu kila mtu kwa mguu wake isipokuwa pombe ya ndizi iliyomwangusha. Hayo ndiyo ya nyumbani.

Naomba jambo moja kabla hujaendelea. Najua kwamba kila Jumapili baada ya ibada jamaa zetu wa huko Mwanza hukutana sebuleni kwako, na kwamba ndio waliokuunga mkono ulipoamua kumfukuza Telesfori Mbonimpa. Barua hii isome mbele yao, kwa sauti, bila kuruka mstari. Ndivyo Mama anavyotaka. Kwa sababu hiyo nitaeleza hata yale unayoyajua, ili asibaki mtu katika sebule hiyo ambaye hakufuata.

Ndugu zangu mnaosikiliza, Mbonimpa wengi wenu mnamfahamu. Wazazi wake waliingia Karagwe wakitokea Burundi mwaka ule wa sabini na mbili, yeye akiwa kijana mdogo, na Marehemu Baba akawapa kipande cha ardhi chini ya migomba yetu. Alianza kwa kupalilia kahawa yetu, akaishia kuwa dereva wa pikapu. Barabara nzima ilimjua kwa mdomo wake. Alipofika kwenye mlima aliwaambia abiria wanene kwamba wao nauli yao hulipwa kwa miguu, washuke, atawachukua tena kule juu. Nao walishuka wakicheka na kumtukana. Baba alizoea kusema mbele ya wageni kwamba Mungu alimpa watoto wawili wa kuzaa na mmoja wa usukani. Najua, Kaka, kwamba maneno hayo hukuyapenda. Hata mimi nilipoyasikia mara ya kwanza nilicheka baada ya wengine wote.

Pikapu ile ina taa ndogo ya njano mbele ya dereva. Taa hiyo imeunganishwa kwa waya na kidude kilichofungwa ubavuni mwa sampo, lile bakuli la chuma chini ya injini ambamo oili hukaa. Mafundi wanakiita swichi ya oili. Ndani yake mna boya dogo: oili ikijaa, boya huelea na taa huzimika, oili ikipungua, boya hushuka na taa huwaka. Hakipimi uzuri wa oili. Kinapima kimo chake tu. Naomba hilo mlishike, kwa sababu mtu mmoja amehukumiwa kwa ajili ya taa hiyo, na mpaka juzijuzi sisi sote, tuliosoma na tusiosoma, hatukuwa tumekiona kidude chenyewe kwa macho.

Asubuhi ile ya Februari tumbo la Baba lilikuwa limevimba na kukaza, naye hakuweza tena kunyoosha miguu. Mimi nilikuwa shuleni Bukoba. Haya nayaandika kama nilivyosimuliwa na waliokuwepo. Mbonimpa alipogeuza ufunguo ili apashe gari moto, taa ya njano iliwaka. Alizima. Akaingia ndani, akamweleza Baba na Mama kwamba gari halitaondoka kabla halijapata oili, na kwamba anakwenda kuitafuta kwa baiskeli. Maduka yalikuwa hayana. Alizunguka kwa wenye mashine za kusaga, wakamwambia kwamba hata wao wamezima. Akarudi mikono mitupu, na alipofika uani alikuta watu wamekwisha kumlaza Baba nyuma ya pikapu juu ya godoro, wamemfunika kwa majani ya migomba asipigwe na jua, na Baba Mdogo Anastazi anampigia kelele kwamba kama alikwenda kutembea si angesema, wangemtafutia na mke huko alikokwenda.

Mbonimpa alikaa kwenye usukani, akageuza ufunguo. Taa ya njano haikuwaka.

Alishangaa, ndivyo alivyosema baadaye, lakini hakufungua boneti. Alidhani kwamba Baba Mdogo amepata oili kwa jirani wakati yeye hayupo. Baba alikuwa akiugua nyuma ya mgongo wake, watu wakipiga ubavu wa gari kwa viganja. Akaondoka. Kwenye mlima wa pili, ule wenye kona mbili, taa nyekundu, ile ya kuonya kwamba oili haizunguki, ikawaka ghafla, injini ikagonga kama mtu anayepiga kisu juu ya jiwe, ikanyamaza. Haikugeuka tena. Vijana walikata fito, wakatengeneza machela, wakashuka nayo upande wa pili wa mlima. Baba alikata roho kabla machela haijafika bondeni, mbali kabisa na hospitali.

Yaliyofuata ninyi wa Mwanza mliyaona wenyewe, kwa kuwa mlikuja kuzika. Siku ya kuanua matanga wanaume walikaa uani, na sisi wanawake tulikaa upande wa jikoni, mahali ambapo mtu husikia yote na haulizwi lolote. Baba Mdogo alisimama akamuuliza Mbonimpa kama ni kweli taa iliwaka asubuhi. Akajibu kwamba ni kweli. Akamuuliza kama alipata oili. Akajibu kwamba hakupata. Akamuuliza kama taa ilikuwa imezimika alipoondoka. Akajibu kwamba ilikuwa imezimika. Hapo Baba Mdogo akawageukia watu akawauliza, huku akitabasamu kwa namna yake ile, taa hiyo imeponywa na daktari gani, au kuna mganga wa magari amepita Kimuli bila sisi kupewa habari. Watu wakacheka, msibani. Mbonimpa, ambaye siku zote alikuwa na jibu kwa kila mtu, alisema tu kwamba hajui.

Na wewe, Kaka, mkubwa wetu na mrithi wa Baba, ukasimama ukasema kilichoonekana kwa kila mtu kuwa ndiyo hesabu yenyewe: kwamba mtu huyu alikuwa akiuza oili ya gari la Baba, na alipoona taa inamsema, akazichezea nyaya za swichi ili inyamaze, akampandisha Baba mlimani ndani ya gari kavu. Ukamwambia kwamba jua lisimkute tena kwenye ardhi yetu. Aliondoka na mke wake Nyirabageni na watoto, kitanda kimoja na mbuzi, wakaenda kupanga Songambele. Hukutosheka. Ukapeleka malalamiko wilayani, ukiomba yeye na jamii yake warudishwe Burundi, kwa kuwa ni mwizi na hana makaratasi. Sikulaumu kwa hasira yako. Baba alikuwa wangu pia.

Mwezi uliopita ukaniandikia kwamba shauri litasikilizwa mwisho wa Novemba na unahitaji ushahidi. Ukanituma nitafute fundi, swichi ing'olewe pikapu ikiwa palepale uani ilikovutwa baada ya msiba, nikuletee pamoja na waya wake, ili wakubwa waone kwa macho ilivyochezewa. Swichi mpya ukaituma kwa basi ili gari lipate mnunuzi. Nilitii. Haya sasa ndiyo niliyoyaona.

Nilimwita Karekezi wa Rugu, kwa kuwa ni fundi asiyejuana na Mbonimpa wala sisi, na asiyeogopa kusema. Alikuja amepakiza spana zake ndani ya mfuko wa mbolea. Tulikuwa watatu uani: yeye, mimi, na Baba Mdogo ambaye alijiletea kigoda na kukaa kama hakimu. Karekezi alianza na waya. Aliufuata kwa vidole kuanzia nyuma ya taa mpaka chini ya injini, polepole, akiusafisha kwa kitambaa. Akatoka chini ya gari akasema kwamba waya huu haujaguswa na mtu tangu gari lilipotoka kwa waliolitengeneza; hata vibanio vyake vina vumbi la miaka. Baba Mdogo akamwambia aangalie tena. Karekezi akamjibu kwamba anaweza kuangalia mpaka Krismasi, waya hautakatika kwa kuangaliwa.

Basi akaingia tena chini ili amwage oili iliyobaki, kwa kuwa swichi haing'olewi sampo ikiwa na kitu. Alifungua nati ya chini, akaweka karai. Hakikutoka kitu. Akasubiri, akagonga sampo kwa mpini wa nyundo, hakikutoka kitu. Akaniomba kipande cha waya mgumu, akachokoa kwenye tundu, na hapo pakaanguka ndani ya karai bonge la rangi ya kahawia lenye mistari ya njano, kisha oili nyeusi ikafuata kidogo kidogo kama kidonda kinachotoa usaha. Alilala akikitazama kile kitu. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kama siku hizi huku Kimuli tunakaangia maandazi kwenye injini.

Akafungua bolti za swichi, moja baada ya nyingine, akaitikisa mpaka ikaachia gasketi yake, akaitoa. Ni kidude kisichofika kiganja. Boya lake limo ndani ya kikopo chenye matundu, na kikopo kile chote kilikuwa kimejaa mafuta yaliyoganda, magumu, ya manjano ndani na meusi nje. Boya lilikuwa limeshikwa humo, juu kabisa, mahali linapokaa oili ikiwa imejaa. Halikuweza kushuka hata kama sampo ingekauka. Karekezi akaeleza kwamba mafuta haya yaliingia ya moto, yakakuta chuma baridi cha asubuhi, yakaganda juu ya oili kidogo iliyokuwemo. Kimo kikapanda, boya likapanda, taa ikazimika. Gari lilipowashwa, mabonge yakaziba chujio, na injini ikanyimwa hata ile oili kidogo iliyokuwa nayo. Akachimba kipande kwa ncha ya bisibisi, akanusa, akanipa.

Ndugu zangu, kila nyumba ya wafugaji ina moshi wake. Mama yetu Kantengwa alifika Karagwe akiwa binti, akifuata ng'ombe wa baba yake kutoka Rwanda, na vibuyu vyake vya maziwa amevifukiza kwa majani yaleyale tangu hapo, majani ambayo hakuna jirani anayeyatumia. Sisi tulionyonya kwake tunaijua harufu hiyo kabla ya kuyajua majina yetu. Chini ya oili iliyoungua, chini ya kutu na uchachu wa miezi yote ile, niliinusa pale uani kwenye ncha ya bisibisi.

Baba Mdogo aliomba naye anuse, akanusa, akarudisha, akabeba kigoda chake akaenda nyumbani bila kuaga. Karekezi alimaliza kazi aliyolipwa kuifanya. Alisafisha mahali pa swichi kwa petroli na kitambaa, akaweka gasketi mpya, akafunga swichi uliyoituma, akikaza bolti kwa kupokezana ili isivuje, akaunganisha waya, akajaza oili safi. Akaniambia nigeuze ufunguo. Taa ya njano iliwaka oili ilipokuwa pungufu, ikazimika ilipojaa, kama inavyotakiwa. Kisha akajaribu kuizungusha injini kwa mkono, kwa spana ndefu, mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Haikusogea. Kwa hiyo sasa, Kaka, tunayo pikapu inayofahamu vizuri kabisa kiasi cha oili iliyomo tumboni mwake, na haiwezi kutoka uani.

Nilimkuta Mama akimenya ndizi. Nilimuuliza kama mtu anayezungumza tu, kwa namna ya kawaida, kama siku ile ya Baba aliweka kitu chochote ndani ya gari. Alinijibu mara moja, bila kusita, na uso wake uling'aa kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Alisema kwamba aliweka. Mbonimpa alikuwa amewaambia, kwa Kirundi chake ambacho yeye Mama husikia kama lugha ya kwao, kwamba gari linataka *amavuta*, na kwamba taa ile ni macho yake ya kuombea, likishiba litafumba. Ninyi mnajua kwamba kwa lugha ya kwao Mama *amavuta* ni neno moja tu: ya kupikia, ya kujipaka, ya taa, ya mashine, na samli inayotoka kwenye maziwa, ambayo ndiyo mfalme wa yote. Hata sisi kwa Kinyambo tunasema *amajuta* na tumemaliza. Baba alikuwa akilia kwa maumivu. Kijana alikuwa hajarudi. Mama alitazama ndani akaona kibuyu cha samli aliyokuwa akiiweka kwa ajili ya harusi ya binti yako, Kaka, kile kikubwa. Akakipasha kando ya moto taratibu mpaka samli ikawa maji. Alimwona Mbonimpa mara nyingi akifungua kile kifuniko juu ya injini. Akakifungua, akamimina yote, mpaka tone la mwisho, akifuta mdomo wa kibuyu kwa kidole. Ufunguo ulikuwa umeachwa mahali pake. Akaugeuza kama alivyoona wakigeuza. Taa ilikuwa imefumba. Alirudi ndani akamshika Baba mkono akamwambia kwamba gari limekubali.

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ya kuanua matanga. Akanijibu kitu ambacho sikukitarajia. Alisema kwamba alinyamaza kwa heshima, kwa kuwa mwanamke haweki mezani habari ya kibuyu chake wakati mumewe yumo kaburini. Lakini moyoni alijua tangu mwanzo kwamba Mbonimpa ni mwizi, kuliko hata Anastazi alivyojua, kwa sababu yeye mwenyewe alilijaza gari kwa mikono yake. Na kama lilikufa njaa mlimani, basi ni kwamba kijana yule aliichota ile samli njiani. Miezi yote hii, ndugu zangu, sisi tulidhani kwamba Mama anamwonea Mbonimpa huruma kwa kuwa wanasikilizana lugha. Kumbe katika nyumba hii hakuna aliyemchukia kama yeye. Ulipomwandikia kuhusu kumrudisha Burundi, Kaka, nilimsomea barua ile nikimtazama, akaitikia kwa kichwa tu. Nilifikiri ni huzuni.

Nilikaa na jambo hilo nikiligeuza. Kulikuwa na njia ya kukuandikia wewe peke yako, kwa siri, uyaondoe malalamiko bila kutoa sababu, na Mama aende kaburini akiamini kwamba alimpa mumewe kilicho bora. Nilikwisha kushika kalamu. Lakini yeye si mtu wa kufichwa. Aliona swichi ya zamani juu ya meza, akauliza ni nini, akainusa.

Ilinibidi nieleze. Nilieleza kama Karekezi alivyonieleza, nikitumia Kinyambo, na kila nilipofika kwenye neno *amajuta* nilisita, kwa kuwa sikuwa na neno jingine la kulitenganisha na lenzake. Alinisikiliza mpaka mwisho mikono yake ikiwa mapajani. Kisha akauliza jambo moja: kama asingemimina, je, gari lingefika? Nilimpa jibu alilonipa fundi, kwamba kwa oili ile kidogo, kwa mwendo wa taratibu, huenda lingefika na huenda lisingefika. Akasema, huenda. Alilirudia neno hilo akiwa anaingia chumbani, na siku mbili zilizofuata hakutoka isipokuwa kwa ajili ya ng'ombe.

Siku ya tatu alinikuta kwenye kibaraza amekwisha kuvaa, na fimbo mkononi. Akasema twende Songambele.

Tulitembea kwa mvua. Nyumba waliyopanga ni ya chumba kimoja na ukumbi, imeegemea migomba ya mtu mwingine. Nyirabageni alitutandikia mkeka, akatuletea maji ya kunawa na ndizi mbivu, kwa adabu zote, bila kutabasamu. Kando ya mlango niliona vitu vyao vimefungwa: masufuria ndani ya shuka, jembe limefungwa pamoja na mwavuli. Mbonimpa hakutokea. Alikuwa nyuma ya nyumba akipasua kuni, na tulisikia shoka.

Mama hakuomba aitwe. Alipaza sauti kidogo tu, ili ivuke ukuta, akazungumza kwa lugha yao. Alieleza habari ya kibuyu, ya taa, ya samli. Alieleza kwamba alimwita mwizi moyoni mwake kila siku iliyopita tangu Februari. Shoka liliendelea. Aliposema kwamba gari liliuawa na mkono wake yeye, shoka lilinyamaza. Nilimtazama Nyirabageni, naye alikuwa ametazama mlango wa nyuma. Kisha likaanza tena, lile pigo moja na kituo, pigo moja na kituo, mpaka Mama akamaliza, mpaka mvua ikakatika.

Nyirabageni ndiye aliyetusindikiza mpaka njiani. Alisema kwamba mumewe amesikia kila neno. Alisema pia, akiniangalia mimi niliyesoma, kwamba mume wake alifukuzwa mbele ya watu na sauti ya mtoto mkubwa wa nyumba, na kwamba maneno ya mama na ya dada yamepokelewa lakini hayafungui mlango ambao hayakuufunga. Akauliza kama ni kweli watapelekwa mpakani mwisho wa mwezi, kwa kuwa mtoto wake mdogo anauliza kila asubuhi kama ndiyo leo. Wewe, Kaka, unasikiliza redio kama sisi. Tangu rais wa Burundi alipouawa mwezi uliopita, watu wanavuka kutoka kule kuja huku, wengine bila viatu, wengine bila jamaa zao. Hakuna anayevuka kuelekea kule.

Kaka, malalamiko yale yana jina lako peke yako, kwa hiyo wewe peke yako ndiwe unayeweza kuyaondoa. Nimeifunga swichi ya zamani ndani ya nailoni pamoja na samli yake, nimempa kondakta wa basi. Ni ushahidi ulioutaka. Ipitishe kwa jamaa waliokaa hapo, kila mmoja ainuse. Lakini usidhani kwamba barua kwa wilaya itatosha. Ulimfukuza ukiwa umesimama uani. Mtu huyo anasubiri usimame.

Haya yanayofuata ni ya Mama, ameyasema nikiandika, nami nimeyageuza kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza. Anasema asitokee mtu wa kumtetea kwamba hakujua. Kutojua kulikuwa kwake, na adhabu wakapewa watoto wa mwingine. Anasema: "Mwambie Yustus kwamba aliyeua gari la baba yake ndiye aliyemzaa. Kama kazi yake ni kuwarudisha watu walikotoka, aanze na mimi. Mimi pia nilivuka maji kuja hapa, na mimi pia sina karatasi."

Jumatatu anakwenda tena Songambele, nami nitamshika mkono kwenye utelezi. Hataki kuambiwa asiende. Anasema atakaa kwenye mkeka ule asikilize kuni zikipasuliwa, na Jumatatu itakayofuata atakaa tena, mpaka uje au mpaka watu wa serikali waje kuwachukua wale walio nyuma ya ukuta.

Msalimu wifi na watoto. Wasalimu wote waliosikiliza mpaka hapa, na uwashukuru kwa uvumilivu wao. Mungu akulinde njiani, kwa kuwa naandika nikiamini kwamba utakuwa njiani.

Ni mimi mdogo wako,

Placidia